Draya ya jua niliyochongesha kwa fundi hapa Dodoma: kwa majani nampa maksi, kwa nyanya tuongee kidogo

Naanza kabisa na jibu la uchongeshe au usichongeshe maana najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu mnaondoka. Kama una kibustani nyuma ya nyumba, mboga zinatoka nyingi mpaka unagawa kwa majirani na bado zinadoda, na unakaa mkoa wenye jua kavu kama Dodoma, Singida, Shinyanga au Tabora, hii draya, yaani kabati la kukaushia mboga kwa joto la jua, chongesha. Kama uko Dar au Tanga au Bukoba fikiria mara mbili. Na kama akilini mwako kuna nyanya tu, basi soma mpaka chini kabla hujamtumia fundi hela kwenye simu.

Yangu ni ile ya kabati. Watu wengi wanaijua ile nyingine ya boksi, yaani kiboksi cha mbao kimefunikwa plastiki au kioo juu, mboga iko ndani inapigwa na jua lenyewe. Hii ya kwangu ina sehemu mbili, chini kuna sanduku refu limelala kwa mteremko, ndani lina bati limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa na juu limefunikwa plastiki ngumu ile ya greenhouse, halafu hilo sanduku linaingia kwenye kabati la mbao limesimama, giza ndani, lina trei 4 za wavu na mlango kwa nyuma. Juu ya kabati kuna kidirisha cha kutolea hewa. Jua linapiga bati, bati linachemsha hewa, hewa ya moto inapanda yenyewe inapita kwenye trei inabeba maji ya mboga inatokea juu, na hewa nyingine inavutwa kutoka chini. Basi. Hakuna umeme hakuna feni hakuna LUKU, ndo maana niliipenda. Nilitoa laki 2 na 80, na usafiri wa bajaji juu yangu. Kuna mwingine alinitajia laki 4 na nusu kwa kitu kile kile ila kina fremu ya chuma, nikaona hapana.

Sasa kwa nini mtu atoe laki karibu tatu kukausha mchicha wakati bibi zetu walikausha kwenye mkeka bure? Hilo swali mama mkwe wangu aliniuliza alivyokuja kututembelea, tena hakuuliza kwa kuzunguka. Yeye mtu wa Tabora, amekula nsansa maisha yake yote, majani ya kunde yanaanikwa juani yanakauka yanapondwa yanawekwa kwenye kibuyu mpaka msimu mwingine, na michembe na matobolwa vivyo hivyo, viazi vitamu vibichi vikikatwa vikaanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Kwa hiyo mbele yake huwezi kujifanya umegundua kukausha mboga. Nikamwambia shikamoo mama, kwanza kaa, nitakupikia halafu utasema mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mkeka haujashindwa kazi. Umeshindwa mahali nilipo mimi. Hapa mtaani kwetu Agosti upepo unavuma vumbi jekundu mpaka nguo ulizoanua unazifua tena, mbuzi wa jirani hana adabu, na kuku nao ndo hivyo. Mboga ya mkekani unaweza kuiosha ukaiosha, ukija kutafuna ugali unasikia mchanga. Hilo la kwanza. La pili ni rangi, majani yakipigwa na jua moja kwa moja yanapauka yanakuwa kama kahawia, na ile rangi inayopotea haipotei peke yake, inapotea na vitamini A, maana jua kali linaharibu ile karotini ya kwenye majani. Kwenye kabati lenye giza majani yanakauka kwa hewa ya moto bila mwanga kuyagusa. Ndo maana mimi nasema kama unanunua draya kwa ajili ya mboga za majani usichukue ile ya boksi la plastiki hata kama bei ni nusu, maana humo jua linaingia vile vile, umezuia kuku tu.

Tuje kwenye majaribio.

Majani ya kunde ndo namba moja. Nachuma asubuhi jua halijawa kali, yale machanga ya juu, natoa vikonyo, naosha mara mbili, halafu nayachovya kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3 hivi, natoa naweka kwenye maji ya baridi, nachuja. Hiyo hatua ya kuchovya wengi wanairuka wanasema inapoteza vitamini, na ni kweli vitamini C kiasi inaondoka na maji, siwezi kubisha, lakini usipochovya majani yanaendelea kujila yenyewe hata yakiwa makavu, baada ya miezi michache yananuka nyasi na rangi imekufa. Ukichovya yanabaki kijani kibichi kabisa mpaka mtu anauliza umetia nini. Nikitandaza mapema, saa 3 asubuhi, tena tabaka moja bila kubebanisha, jioni trei ya chini yanakuwa yamekauka. Nasema trei ya chini kwa sababu hewa ya moto inaanzia huko, ya juu inapata hewa iliyokwisha kubeba maji, kwa hiyo saa 7 au 8 mchana nabadilisha, ya juu inashuka ya chini inapanda. Fundi hakuniambia hilo na wala hakuna karatasi ya maelezo, unajijua mwenyewe.

Utajuaje limekauka? Shika jani moja kunja. Likikunjika kama kitambaa bado. Likivunjika kwa sauti, ile kach, na mshipa wa katikati nao ukavunjika badala ya kupinda, toa. Mshipa ndo unaodanganya watu, jani lote kavu ila mshipa una maji, ukiweka kwenye kopo wiki ya pili unakuta ukungu.

Mchicha nao unakauka vizuri ila unasinyaa mno, majani ni maji matupu, kilo 10 za majani unabaki na kilo 1 na kidogo, na ukivunja kwa mkono inakuwa vumbi. Mimi sasa mchicha nausaga kabisa natumia kama unga wa kutia kwenye uji wa mtoto na kwenye mchuzi wa maharage. Matembele mazuri sana, karibu na kunde. Chinese, ile kabichi ya majani, usijisumbue, bua ni nene jani ni jembamba, vinakauka kwa muda tofauti, kula mbichi. Sukuma wiki inakubali ila ikate nyembamba kwanza kama ya kupika.

Kitu kilichonishangaza ni bamia. Hapa Dodoma mlenda ndo kwao, nenda soko la Majengo utakuta kina mama wamepanga ule wa unga kwenye vibakuli, unaweka maji ya moto kidogo magadi kidogo unavutika mpaka kwenye kiwiko. Nikakata bamia za bustanini vile visahani vyembamba, trei mbili, siku moja ya jua zuri vikawa vigumu vinagongana kama vifungo vya shati, nikavitwanga kwenye kinu nikachekecha. Mwe! Kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria ya mchuzi wa nyanya na kitunguu unakuwa mlenda kamili. Bamia ndo zao linalonikera bustanini kuliko yote, usipochuma siku mbili zimekuwa miti, sasa sina tena hasira nazo, zikizidi zinaenda trei.

Mama mkwe nilimpikia kunde za draya kwa namna yake yeye, zinaloekwa maji ya moto, zinachemshwa taratibu, karanga za kusaga zinaingia mwishoni na chumvi. Alikula kimya, akaongeza ugali, halafu akasema, "Mwanangu hii haina mchanga." Nikasubiri aseme kingine. Akasema, "Lakini harufu ya jua haina." Na kweli ile ya mkekani ina ladha fulani nzito hivi ya moshi moshi ya kuungua ungua, watu waliokulia nayo wataikosa. Hii inakaribia mboga mbichi. Kwangu mimi ni sifa, kwake ni pungufu, nawaachia. Karanga zenyewe usiziache lakini, pamoja na utamu ile vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue, hapo wazee waliweza bila kusoma popote.

Haya, nyanya.

Nyanya ndo zilinifanya nifikirie draya tangu mwanzo. Kila anayelima anajua ile hali, nyanya zinaiva zote wiki moja na wiki hiyo hiyo sokoni zimeshuka sado inauzwa bei ya kutupa kwa sababu malori ya nyanya za Ilula, kule Iringa, nayo yameingia. Nalima Tanya, ile mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, fupi, haihitaji miti mingi, ngozi ngumu na nyama nyingi, kwa hiyo kwa kukausha ni nzuri kuliko zile za duara zenye maji. Lakini nyanya ni nyanya, kwenye kilo 10 unatarajia robo tatu ya kilo hivi ikikauka vizuri, kilichobaki chote ni maji ambayo lazima yatoke kupitia kale kadirisha ka juu.

Na hapo ndo draya ya fundi wangu inaonesha udhaifu. Kadirisha ni kadogo. Ukijaza trei 4 zote nyanya, saa 4 asubuhi ukichungulia kwa ndani ya mlango unaona matone yamening'inia kwenye mbao, mvuke hauna pa kwenda, unarudi kudondokea nyanya. Kwa majani hiyo shida haionekani. Kwa nyanya inabidi uweke trei 2 tu, moja ya chini na moja ya tatu, ukate vipande vya nusu sentimita sio zaidi, uzilaze upande wa ngozi chini, na bado siku ya kwanza haziishi, zinalala humo humo mpaka kesho. Usiku ni baridi hapa Juni na Julai, unyevu unarudi, asubuhi unakuta zimekuwa laini tena. Mimi sasa jioni nazitoa naziingiza ndani nazifunika kitambaa, asubuhi nazirudisha. Kazi.

Halafu joto. Nimenunua kile kipima joto cha kuning'iniza kwenye oveni, elfu 15 dukani, nikakiweka ndani. Kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana inacheza 50 mpaka 58, hapo ni pazuri. Lakini Oktoba jua la Dodoma usipime, inapita 65 na ikifika huko nyanya na maembe yanashika ganda nje, juu pakavu panang'aa ndani pabichi, unadhani zimeiva kumbe zimejifungia maji. Dawa yake ni kuacha mlango wazi vidole viwili. Draya nzuri ingekuwa na kitasa cha kupunguza hewa chini, hii haina.

Lakini kubwa zaidi ni wavu. Fundi aliweka ule wavu wa chuma wa mabati, wa kuzungushia banda. Majani hayana neno nao. Nyanya zina uchachu, zikilala kwenye ule wavu siku nzima zinaula, zinaacha alama za kijivu chini ya kila kipande, na ukionja unaonja sarafu. Zile sikula, nilimwaga zote kwenye shimo la mboji. Nikampigia.

"Fundi, hizi trei zako zinatoa rangi kwenye chakula."

"Dada hiyo ni geji nzuri kabisa, haiozi hiyo."

"Sijasema inaoza, nasema inaingia kwenye nyanya."

"Sasa dada si ungesema toka mwanzo ni ya nyanya."

Toka mwanzo nilimwambia ni ya mboga na matunda, meseji ipo. Tukavutana wee, mwisho akakubali kubadilisha trei mbili kwa wavu wa plastiki ule unaotumika kwenye vichanja, ila hela ya wavu nikatoa mimi. Kwa hiyo wewe unayechongesha sasa hivi, sema kabisa kabla ya kulipa: trei ziwe za nailoni ya chakula au stenlesi, tena zitoke zote uweze kuzisugua kwa maji na sabuni. Stenlesi ni ghali, mjini wanauza kwa mita na bei inakimbia, ila ni mara moja tu.

Baada ya kubadilisha trei nyanya zimekuwa safi, nyekundu iliyoiva, ukizibonyeza ni kama ngozi ya kiatu kipya, hazitoi maji, na kwenye pilau zinakubali kuliko za kopo. Lakini kwa hii draya ilivyo kutoka kwa fundi, kwa nyanya naipa 5 kati ya 10. Kwa majani na bamia 9.

Kuhusu hali ya hewa. Sisi mvua yetu ni moja, inaanza Desemba hivi inaisha Aprili, kiangazi ni kirefu na hewa ni kavu, ndo draya inapopendea. Tatizo mboga zinazidi wakati wa mvua! Yaani Februari kunde zimejaa majani teletele ndo siku ambayo jua linatoka saa mbili linafichwa na wingu. Siku kama hizo nachuma kidogo, trei mbili, na nikiona wingu zito saa 3 asubuhi sichovyi kabisa mboga, maana ukishachovya huwezi kurudi nyuma, ikilala mbichi humo usiku mmoja inachacha. Sasa fikiria mtu wa Dar, hewa yenyewe imeshiba maji ya bahari. Itakauka ndiyo, maana hewa ikipashwa moto inakuwa na nafasi ya kubeba maji zaidi, ila pole pole, na pole pole kwenye chakula chenye maji maana yake ukungu. Watu wa pwani afadhali mtafute yenye feni ndogo ya sola inayosukuma hewa, bei inapanda lakini inafanya kazi yake.

Na ukungu hapa kwetu sio wa kupuuza. 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile ilikuwa mahindi, lakini somo la kukausha ni lile lile, kitu kikihifadhiwa na unyevu ndani fangasi wanafanya kazi na kupika hakuondoi sumu yao. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu anakwangua ukungu anasema hii nyingine iko sawa. Tupa. Mimi nikishatoa kwenye draya naacha ipoe kabisa, naweka kwenye chupa ya kioo inayoonekana ndani, naifunga, naiacha siku chache natikisa kila siku. Nikiona ukungu wa maji kwenye kioo au vipande vinashikana, vinarudi kwenye trei. Vikipita hapo ndo naweka kwenye makopo yangu kabatini gizani, maana mwanga ule ule uliozuia kwenye draya utakuharibia kwenye shelfu la jikoni. Nusu mwaka majani yanakaa bila neno, zaidi ya hapo harufu inaanza kufifia.

Wadudu: sisimizi walinitesa mwanzo, miguu ya kabati ni mbao wanapanda tu. Makopo 4 ya nyanya za dukani, maji na mafuta machafu kidogo, mguu mmoja kila kopo, wakaisha. Inzi wanaingia kwa kadirisha ka juu na kwa chini panapoingilia hewa, fundi aliacha wazi, nikapigilia wavu wa mbu mwenyewe. Vitu vya elfu 3 hivi fundi unashindwaje jamani.

Plastiki ya juu inataka jicho. Ile aliyoweka ilikuwa nailoni ya kawaida, haikumaliza hata kiangazi, ikapauka ikaanza kupasuka pembeni ilipopigiliwa. Jua la huku linaila. Nikanunua ya greenhouse yenye kinga ya jua, mikroni 200, wanauza kwa mita kwenye maduka ya pembejeo, mpaka leo iko. Uliza hiyo pia kabla ya kulipa, na mwambie asiipigilie misumari moja kwa moja, aweke ukanda wa mbao juu yake ndo apigilie.

Kwa upande wa bustani yenyewe, draya imenibadilishia mpango wa kupanda, na hili sikulitegemea. Zamani nilikuwa natawanya mbegu kidogo kidogo ili nisizidiwe. Sasa napanda tuta zima la kunde kwa mpigo, nikijua majani yake yanaenda trei na mbegu zikikomaa ni chakula kingine. Matuta yangu ni ya kuzama, yale ya kuchimba chini badala ya kuinua, maana huku maji ni ya shida na tuta la kuinuka linakauka kabla ya saa sita mchana, la kuzama linashika kila tone, samadi ya mbuzi chini, majani makavu juu. Bamia pembeni, matembele yanatambaa panapomwagika maji ya kuoshea mboga. Mchicha unapanda leo wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma. Na kitu kimoja tafadhali, kama unapuliza dawa soma lebo siku ngapi usubiri kabla ya kuchuma, maana ukikausha unatoa maji tu, dawa haiondoki, inabaki kwenye kile kilo kimoja badala ya kilo kumi. Mimi majani ya kukausha sipulizi kabisa, majivu yananitosha.

Kuna watakaosema si ununue friza. Ninayo ndogo, nyama na samaki vinajaa, na umeme ukikatika mchana kutwa unapika kila kitu usiku kwa hasira. Kuna wanaoweka mboga kwenye chupa kama wanavyoona kwenye video za Wazungu. Hapo nawaomba. Achari ya embe au ya limao sawa, kuna uchachu na chumvi. Nyanya sawa ukiongeza limao na ukichemsha chupa vizuri. Lakini maharage mabichi, bamia, majani, kuyafungia kwenye chupa ya maji baada ya kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida ni hatari, kuna kijidudu mbegu zake zinahitaji nyuzi 121 hivi kufa, na zinapenda kweli mahali pasipo na hewa. Sufuria ya wazi haifiki huko. Na sisi Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi, hata 100 hatuipati. Kausha tu.

Kama unataka kuuza hiyo ni habari nyingine, utahitaji kibali cha TBS, lile shirika la viwango, na kifungashio cha maana, na mifuko ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku toka Juni 2019 kwa hiyo usiweke mboga yako humo ukapeleka sokoni. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji, ukipita ofisini kwao ulizia. Mimi ni ya nyumbani na ya kugawa.

Fundi mwenyewe nampaje? Mikono yake ni mizuri, kabati limenyooka, mlango unafunga mpaka leo haujapinda na mvua imepiga. Anachokosa ni kwamba hajawahi kukausha hata jani moja maishani mwake, anachonga alichooneshwa kwenye picha. Rangi nyeusi ya ndani alipaka jana yake akaniletea kesho, kabati likanuka tina karibu wiki mbili, nikaliacha juani tupu mlango wazi mpaka harufu ikaisha. Akikuletea ikiwa inanuka usiweke chakula hata akikwambia haina shida. Tarehe alizoahidi alivunja zote, simu hapokei ukishalipa nusu, ukimfuata banda lake anacheka anakwambia dada kesho. Lakini kazi alimaliza na hakuongeza bei.

Mnaouliza vipimo: sanduku la chini urefu mita 1 na nusu kwa upana sentimita 80, liangalie kaskazini kama unakausha kiangazi chetu hiki cha Mei mpaka Agosti maana jua liko upande huo, mteremko mdogo tu unatosha. Kabati urefu mita moja, trei ziachane kiganja kimoja. Kadirisha ka juu mwambie akafanye mara mbili ya anavyotaka yeye. Wavu mdogo nilikata Majengo, wa stenlesi bado natafuta wa bei poa, mwenye kuujua aniambie.